Barua ya Posa Ipelekwe Ujiji au Kasulu?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 25, naishi Ujiji, na kazi yangu ni biashara ya dagaa na mawese. Asubuhi naamkia Kibirizi boti zinapoingia, nanunua, naanika, nafunga, nasafirisha kwa treni hadi Tabora. Nakueleza haya ili usinidhanie ni mtu wa kushindwa kuamua. Mzigo wa laki tano naukata bei nikiwa nimesimama. Lakini jambo hili sasa lina mwezi wa tatu, na kila nikilishika linaniteleza.

Nimepata mchumba. Ni Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu kama mimi, na tulijuana kwa sababu ndiye anayeipokea mizigo yangu stesheni. Kwao wamekubali. Mshenga amepatikana, barua imeandikwa, imetiwa kwenye bahasha pamoja na pesa ya kufungulia. Wanataka ndoa iwe mfungo mosi. Kilichobaki ni anwani tu. Mshenga ananipigia simu, "Binti, nikabishe hodi nyumba gani?" Nami naanza kukohoa.

Mama yangu ni Mmanyema wa hapa Ujiji, kwao ni nyumba ya chuo na maulidi. Baba ni Muha wa Kasulu, Mkristo, baba yake alikuwa katekista. Walikutana Kigoma mjini baba akiwa fundi ujenzi, wakaoana bomani. Ndugu wa mama hawakukanyaga. Wa baba walikuja wawili. Mahari haikutoka: Ujiji walisema hawapokei mahari ya ndoa wasiyoitambua, Kasulu wakasema hawawezi kumswagia ng'ombe mtu aliyewafungia mlango.

Tulizaliwa wawili, kaka yangu kisha mimi. Nilipokuwa na miaka sita wazazi wakaachana. Wazee wa pande zote mbili wakakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya bibi, mara ya kwanza na ya mwisho kuwaona pamoja, wakatugawa. Kaka, aliyekuwa na miaka tisa, akaenda na baba. Mimi nikabaki na mama. Tulikuwa tunachezea ringi la baiskeli. Ringi likabaki kwangu, kijiti cha kulisukumia akaondoka nacho mkononi. Sidhani kama alikusudia.

Basi nikakua na nyumba mbili. Ujiji naitwa jina la bibi mzaa mama. Kasulu naitwa jina la ubatizo, nililopewa nikiwa mchanga bila mama kuulizwa. Vyeti vya shule vina jina la Kasulu, kitambulisho cha taifa nacho kina la Kasulu, kwa hiyo mwalimu akiita mahudhurio watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanageuka kutafuta huyo mtu ni nani.

Kila Desemba nilipelekwa kwa baba. Barabara ilikuwa bado vumbi. Tukishapita Kidahwe navua hijabu naikunja naiweka chini kabisa ya begi. Hakuna aliyewahi kuniambia niivue, Shangazi, nilijifundisha mwenyewe. Kule baridi, moto jikoni tangu alfajiri, Jumapili kila mtu kanisani na mimi nimeachiwa kuku na mtoto wa jirani. Na salamu zao! Muha hasalimii akipita. Unasimama, unashika mikono, "Mwidiwe", kisha unaulizwa watu, mifugo, mvua. Mimi nilizoea kutupa salamu huku natembea. Bibi mzaa baba alikuwa anasema, "Huyu Mswahili anasalimia kama anafukuzwa." Kiha nakisikia, lakini nikijibu watoto wanacheka. Wakati wa sherehe chungu cha rubisi kinawekwa katikati na watu wazima wanakizunguka, nami sijui nisimame wapi, maana nikikaa ni dhambi na nikiondoka ni dharau.

Nikirudi Ujiji, viatu vina udongo mwekundu, "Muha wa mlimani karudi." Mama mkubwa ananiuliza nimekula nyama ya nani, nani kachinja. Naapa. Bado ananitazama.

Kaka yangu tunaonana kama wageni wawili kwenye benchi la zahanati. Siku moja tu ilikuwa tofauti. Mwaka juzi tulipanda gari moja kutoka Kasulu kuja Kigoma, yeye akiwa na gunia la maharage ambalo shangazi humtumia mama kila mavuno. Kwenye kizuizi cha barabarani wakamsikia lafudhi wakamwambia wewe Mrundi. Nikaingilia kumtetea, wakasikia Kiswahili changu cha Ujiji wakasema na huyu Mkongo. Tukashushwa wote wawili. Tulikalia lile gunia kando ya barabara karibu saa nzima mpaka alipokuja mwenye zamu akavisoma vitambulisho, akaona jina la baba ni moja. Tulicheka mpaka machozi. Sikumbuki siku nyingine tuliyocheka kitu kimoja tangu tugawanywe.

Sasa huyo huyo kaka nilipomwambia habari ya posa akanijibu, "Wewe ni Mswahili, waache Waswahili wakuozeshe."

Mjomba, aliyenilipia ada tangu la kwanza hadi kidato cha nne, anasema posa inakuja hapa kwake, mwisho wa maneno. "Baba yako hata jembe moja hakutoa kwa mama yako, leo apokee kwa sababu gani? Na kwa dini hawezi kukuozesha." Baba kwenye simu anasema mtoto ana baba, anataka ng'ombe wanne, na barua ikifika Ujiji yeye hatakuja na hakuna Muha hata mmoja atakayekuja. Mama nikimuuliza anasema, "Mtakavyoona," anaendelea kuchambua dagaa.

Kuna jambo jingine. Mama mkwe aliponiuliza mara ya kwanza habari za wazazi, nilichoka kabla hata sijaanza kueleza. Nikamwambia baba alishafariki. Mchumba anajua ukweli ila ananyamaza kwa ajili yangu.

Kuna usiku nafikiria twende zetu bomani kama walivyofanya wao, yaishe. Nisaidie Shangazi. Barua iende wapi? Na mimi niende wapi?

Mwenye Majina Mawili, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mstari wa kwanza niliouzungushia wino hauhusu posa. Ni ule uliousukumia karibu na mwisho, kama mtu anayesukuma ganda la ndizi chini ya kiti wageni wakiingia. Umemzika baba yako akiwa mzima.

Mfufue. Mfufue kabla mshenga hajavaa viatu. Akishaketi barazani kwa mjomba wako, mtu yeyote mwenye dini atauliza walii wa binti, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ni nani. Ukishasema baba kafa, wataulizia babu mzaa baba. Kisha kaka. Kisha ami. Utaua ukoo mzima wa Kasulu mmoja baada ya mwingine ili uongo wako usimame, na siku ya harusi marehemu atashuka kwenye gari na mbuzi wake.

Panda treni uende Tabora mwenyewe. Njia unaijua, mizigo yako huipita kila mara. Usimtume mchumba. Yeye ameshakubebea vya kutosha, na mama hasamehi kwa mdomo wa mwanawe. Mwambie, "Mama, nilikwambia baba amefariki. Yu hai, yuko Kasulu, ni Mkristo, na nyumba zetu mbili hazisemezani. Niliona aibu." Halafu nyamaza. Usiongeze kilio wala kumsingizia mtu. Atanuna siku mbili tatu, ni haki yake. Lakini yule ni mama wa Tabora, mji uliokulia kwenye njia ya misafara, watu wakienda pwani na wengine wakienda ziwani. Nyumba yenye mke huku na watoto kule si hadithi mpya kwake. Kitakachomuudhi ni kuisikia kutoka kwa mwingine.

Haya, tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Umeniandikia kana kwamba wanagombania wewe ni nani. Mimi sikusikia hivyo. Mjomba anasema "hata jembe moja". Baba anasema "ng'ombe wanne". Hao wanazungumza hesabu, na nashangaa mfanyabiashara kama wewe hukuisikia. Ni hesabu ya ndoa ya mama yako. Haikufungwa mwaka ule, haikufungwa mlipogawanywa chini ya mwembe, na sasa kila mmoja anataka aifungie kwenye daftari lako. Mjomba akipokea posa peke yake, atakuwa amemlipisha baba yako ile aibu. Baba akipokea ng'ombe wanne, atakuwa amepata kwa binti kile alichonyimwa nafasi ya kukitoa kwa mama. Hakuna kati yao aliyekuuliza kama una pesa ya vyombo.

Tena kila mmoja ana ukweli kidogo, ndiyo maana hawashindani vizuri.

Nianze na mjomba. Kweli, kwa Waislamu baba asiye Mwislamu hawi walii wa binti Mwislamu. Lakini aliyemwambia hilo hakummalizia. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inafuatwa na wengi wetu huku, uwalii unapita upande wa baba: baba, babu mzaa baba, kaka, watoto wa kaka, ami, watoto wa ami. Mjomba hayumo. Amekulea, amekusomesha, Mungu amlipe, ila kwenye orodha hiyo hayumo. Kaka yako angekuwemo, naye ni Mkristo. Asipopatikana mwenye sifa, kadhi ndiye anayesimama kuwa walii. Umeona mambo hayo? Nyumba mbili zimenuniana miezi mitatu kugombea kiti ambacho huenda hakuna hata mmoja wao atakayekikalia. Nenda kwa kadhi wa wilaya mapema, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ile ndoa ya bomani, maana lazima ataiulizia. Kama huko kwa baba kuna ami aliyesilimu, mtaje. Kama hakuna, muulize kadhi kama anaweza kumfanya mjomba wakili wake, asome ndoa kwa niaba yake. Hapo mjomba atakaa pale mbele kwa heshima, na atajua amekaa kwa idhini ya nani.

Kwa baba yako sasa. Kwa dini yako mahari ni ya kwako wewe, unaitaja wewe na inaandikwa kwa jina lako. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa haibatiliki eti kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa, na mtu wa miaka 25 haozeshwi wala hazuiwi na yeyote. Kwa hiyo ng'ombe wanne hawawezi kuifunga ndoa yako wala kuifungua. Lakini usiende kumsomea baba yako sheria. Nakuomba. Mzee wa Kasulu anayedai ng'ombe kwa binti aliyelelewa Ujiji anauliza kitu kingine: je, bado nahesabiwa? Mjibu hilo. Mbuzi, blanketi la bibi, na jembe la mkono moja, la kumbukumbu, vitoke kwa mchumba viende Kasulu kama heshima ya wazee. Na baba naye, hapa ndipo panapouma, apeleke kitu Ujiji kwa ajili ya mama yako. Hata kama ndoa ile imekufa. Makabila mengi ya kwetu hayajui mahari iliyochacha. Inachelewa tu. Sijui kama mjomba atapokea. Ninachojua ni kwamba hajawahi kuletewa akakataa mbele ya watu. Alikataa ahadi, tena ujanani.

Utaniuliza nani atathubutu kumwambia baba maneno hayo. Na hapa, mwanangu, ndipo kalamu yangu ilipozunguka mara ya pili.

Umeniita Shangazi kuanzia mstari wa kwanza. Mimi ni shangazi wa karatasi. Wa damu unaye, yuko Kasulu, na katika barua nzima umemtaja mara moja tu, kwa ajili ya gunia. Hebu lisome upya hilo gunia. Kila mavuno anamtumia mama yako maharage. Mama yako! Mwanamke aliyeachana na kaka yake, ambaye ukoo haukumtolea hata jembe. Miaka kumi na tisa ya mavuno ni magunia mangapi? Wanaume wamenuna tangu siku ya mwembe, na huyo mama amekuwa akiendeleza ukwe peke yake, kimya, kwa debe na sindano ya kushonea gunia. Na mama yako amekuwa akipokea. Naweka dau kwamba hajawahi kurudisha gunia tupu, ndani kulikuwa na migebuka mikavu au kidumu cha mawese. Muulize mama, akiwa na hao dagaa wake. Usimuulize barua iende wapi, amechoka kuulizwa hilo. Muulize wifi yake anapenda nini.

Shangazi ni baba wa kike, hili linajulikana Ujiji na linajulikana Buha yote. Kwa hiyo barua iende Kasulu, na ipitie mikononi mwake. Hiyo ndiyo hukumu yangu na naisema wazi ili usije ukasema nilizungukazunguka. Wakikwambia mambo ya posa si ya wanawake, wakumbushe kwa adabu kwamba Heru, huko huko Kasulu, kabla ya Uhuru ilitawaliwa na Mwami Theresa Ntare, na wazee waliokuwa wanampigia magoti hawakuota pembe.

Kwa nini Kasulu wakati aliyekulea ni mjomba? Kwa sababu mjomba ana wewe tayari. Anakuona kila siku, sufuria lake unalijua, ndoa itafungwa nyumbani kwake na wali utapikwa uani kwake. Baba hana chochote cha siku hiyo isipokuwa hiyo bahasha. Kumpa aliye mbali karatasi na kumwachia aliye karibu sherehe, mimi naona ni mgawo wa haki, na safari hii unaugawa wewe. Ila mjomba asikie kutoka kinywani mwako kabla mshenga hajaondoka Tabora. Kaa naye peke yenu, baada ya isha, usiende na mashahidi. Anza na ada. Mtajie mwaka mmoja mmoja alivyokulipia, aone kwamba umehifadhi hesabu yake. Ndipo umwambie bahasha inaenda wapi na kadhi amesema nini. Akifoka, kaa. Usiondoke ameinua sauti, maana mjomba aliyeachwa anafoka peke yake hugeuka kikao.

Kuhusu bomani sitasema mengi. Ni ndoa halali kama nyingine, na sikuoni mkosaji kuifikiria. Taarifa ya kusudio la kuoana inatolewa siku 21 kabla, haijalishi mnafunga wapi, kwa hiyo hata ukitaka kutoroka hutatoroka haraka. Lakini umeshaishi ndani ya ndoa iliyofungwa bila watu. Unajua ilivyokuwa ilipotikisika na hapakuwa na mzee wa kuitwa.

Jina kwenye fomu liwe lile lililo kwenye kitambulisho chako. Hilo si la mila, ni la makaratasi. Kama cheti cha kuzaliwa na kitambulisho havifanani, wakili atakuandikia kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kadi za harusi chapisheni yote mawili. Wa Ujiji watasoma la kwao, wa Kasulu la kwao, na watakaoshangaa wataulizana mezani, watapata la kuzungumza.

Ile hijabu unayoivua Kidahwe imenikaa rohoni. Ulisema hakuna aliyekuambia. Nakuamini. Mtoto haambiwi, hunusa. Lakini sasa una miaka 25 na unasafirisha mizigo. Safari hii usiivue, uone nini kitatokea. Nadhani bibi atatoa neno, kisha atakupa kigoda. Na chungu cha rubisi kikija, kaa. Kukaa si kunywa. Omba togwa au maziwa, au shika kikombe cha chai, ukae pale walipo watu wako. Niliishi Mwanga, hapo Kigoma mjini, miaka minne, nimealikwa Kasulu si mara moja, na sijawahi kuona Muha aliyemlazimisha mtu mrija. Wanachochukia ni mtu kusimama mlangoni kama anasubiri gari.

Na wale wa Ujiji wanaokutazama viatu vyako vyenye udongo, usiwaogope kupita kiasi. Kaa barazani hapo mtaani kwenu umuulize kila mzee babu yake alitoka wapi. Wengi watanyosha kidole ng'ambo ya ziwa. Wamanyema walikuja na misafara karne ya 19, Wabwari na Wagoma walivuka na mitumbwi, wakawakuta Wajiji ambao ni ndugu wa hao hao Waha, wakaoana, wakatengeneza huo Uswahili ambao leo mama mkubwa anaulinda kama ulishuka naye. Bibi yako mkubwa wa Ujiji naye alikuwa mgeni wa mtu. Usimwambie hivyo mama mkubwa, lakini. Wewe jua tu.

Nimebakiza kaka.

"Wewe ni Mswahili, waache Waswahili wakuozeshe." Umeisoma kama dharau. Mimi nimeisikia kama mtoto wa miaka tisa anayepakiwa garini huku mdogo wake amebaki na mama. Sheria yenyewe ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama mpaka ionekane vinginevyo. Wewe ulikuwa na sita, ukaingia. Yeye alikuwa amepitwa na miaka miwili. Wewe umeandika kurasa nne kuhusu nyumba mbili, na kwa hesabu yangu wewe ulipata mbili kweli: kila Desemba ulipelekwa kwa baba. Je, yeye aliletwa kwa mama mara ngapi? Hukuandika. Labda hujawahi kuuliza. Lile gunia la mwaka juzi, angeweza kulipakia kwenye basi na kumpa kondakta namba ya simu, kama tufanyavyo wote. Alilileta mwenyewe. Nadhani halikuwa gunia alilotaka kulifikisha kwa mama.

Huyo ndiye atakayempeleka mshenga wako Kasulu. Hawezi kuwa walii, sawa, lakini njia anaijua, Kiha anakijua, na baba hawezi kumfungia mlango. Mpigie leo. Usianze na posa. Anza na kile kizuizi, Mrundi na Mkongo juu ya gunia la maharage, mwache acheke kwanza. Kisha mwambie unataka kwenda kwa shangazi na huwezi kusalimia vizuri peke yako, utahitaji mtu wa kukujibia pale Kiha kitakapokuishia.

Chukua kidumu cha mawese na dagaa wa kukaangwa, wale wakavu kabisa, wasiwe wa juzi, shangazi ataujua ujanja huo. Gari la asubuhi. Begi la hijabu liweke juu.